Namna ya kulalamikia maziwa unayoyatilia shaka, mpaka mkaguzi apate pa kushika

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa chakula miaka 22, na sehemu kubwa ya miaka hiyo iliishia kwenye maziwa: magari ya kubebea maziwa, viwanda vya kusindika, maghala, rafu za maduka. Sasa nimestaafu, lakini simu hazijakoma. "Shikamoo mama, haya maziwa yamechakachuliwa, serikali iko wapi?" Nikiuliza pakiti iko wapi, jibu ni lile lile: tumeshaitupa. Risiti je? Haipo. Uliyanunua lini? Kama juzi hivi, au wiki iliyopita.

Hapo ndipo shauri linapokufa. Mkaguzi hawezi kuingia kiwandani kwa uchungu wa mtu peke yake. Anahitaji pakiti, namba ya bechi, tarehe na mahali pa kuanzia. Ninachoandika hapa ni namna ya kumpa vitu hivyo.

Kama aliyekunywa ni mtoto mchanga

Usianze na malalamiko. Mtoto akitapika, akiharisha, akikosa mkojo au mkojo ukiwa na damu baada ya kunywa maziwa ya kopo, acha kumpa hayo maziwa saa hiyo hiyo na umpeleke hospitali. Beba kopo lenyewe, si picha yake tu. Daktari akiona jambo lisilo la kawaida, taarifa yake huwa na uzito kuliko barua kumi za kwetu.

Nina sababu ya kulitanguliza hili. Mwaka 2008 nchini China, watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 wakafa kwa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Maziwa yalikuwa yametiwa maji, na maji hupunguza protini. Kipimo cha kawaida cha protini hakihesabu protini yenyewe. Hupima nitrojeni, kisha hesabu ndiyo inayokadiria protini. Melamini imejaa nitrojeni, kama theluthi mbili ya uzito wake. Mtu akitia kidogo, mashine inasoma protini ambayo haipo. Mtoto ananyonya, mawe yanajijenga kwenye figo.

Kinachoniuma mpaka leo ni tarehe. Malalamiko ya wazazi yalianza kumfikia mtengenezaji Desemba 2007. Umma ulikuja kuambiwa Septemba 2008. Kwa miezi tisa wazazi walikuwa wakisema, na makopo yakiendelea kuuzwa. Kwa hiyo usimlalamikie mtengenezaji peke yake ukadhani umemaliza. Mwandikie ukitaka, lakini nakala iende serikalini siku hiyo hiyo.

Anza na jina

Watu huanza na ladha. Mimi huanza na jina, kwa sababu jina ndilo ahadi ambayo sheria inaweza kuidai.

Kila pakiti ina majina mawili. Lipo jina la biashara, lile kubwa lenye rangi na picha ya ng'ombe kwenye majani mabichi. Halafu lipo jina la bidhaa yenyewe, mara nyingi kwa herufi ndogo, pengine pembeni au nyuma. Tafuta hilo la pili. "Siagi" ni kitu kimoja na "mafuta ya kupaka kwenye mkate" ni kitu kingine. "Maziwa ya unga" si sawa na "unga wa maziwa yaliyoenguliwa krimu, uliochanganywa na mafuta ya mimea". "Mtindi" si "kinywaji chenye ladha ya mtindi". Nimeona wazazi wakinunua hicho cha mwisho miezi kadhaa wakiamini wanawapa watoto maziwa, na kwenye pakiti hapakuwa na uongo hata mmoja. Ukweli ulikuwa umeandikwa kwa herufi ndogo kuliko punje ya mchele.

Majina haya yana vipimo nyuma yake. Tangu 1963 ipo tume ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inayoitwa Codex Alimentarius, na nchi nyingi huchukua viwango vyake kama msingi wa vile vya kwao. Kwa Codex, siagi lazima iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80, na maji yasizidi asilimia 16. Maziwa ya unga yasiyoenguliwa lazima yawe na mafuta ya maziwa kuanzia asilimia 26. Mtindi usiotiwa ladha uwe na protini ya maziwa isiyopungua asilimia 2.7. Na maziwa, ukiyaita maziwa tu bila neno lingine, ni kile kilichokamuliwa, hakijaongezwa kitu wala kupunguzwa. Viwango vya nchi yako vinaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo ulizia ofisi ya viwango.

Ugomvi wa majina ni wa zamani. Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 kama siagi ya bei nafuu, na kufika 1886 Marekani ilikuwa imeshaitungia sheria na kuitoza kodi, kwa sababu ilikuwa ikiuzwa kwa jina la siagi. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea mitupu haziwezi kuuzwa kwa majina kama maziwa, siagi au jibini, isipokuwa zile chache zilizoorodheshwa, yakiwemo yale ya nazi. Kiswahili hakikuhitaji hakimu kwa hayo ya nazi. Sisi tuna tui.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: andika jina la bidhaa kama lilivyo kwenye pakiti, neno kwa neno. Lalamiko lisemalo "siagi si siagi" kumbe pakiti imeandikwa "mafuta ya kupaka" litarudishwa siku hiyo hiyo. Hapo lalamika kwamba picha na maandishi makubwa yanapotosha mnunuzi. Hilo nalo ni kosa katika sheria nyingi, na ni rahisi zaidi kulithibitisha, kwa kuwa ushahidi umechapishwa.

Sasa maandishi mengine

Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Ukikuta maji au sukari mbele ya maziwa, umeshajua unakunywa nini. Angalia kama maziwa ni mabichi au ni ya unga yaliyorudishiwa maji, jambo ambalo si haramu, ila linapaswa kusemwa. Angalia jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo halisi, joto la kuhifadhia, tarehe ya mwisho ya matumizi, na namba ya bechi.

Namba ya bechi naomba uiheshimu. Ni ile mihuri ya wino isiyopendeza, kwenye mkunjo wa juu au chini ya kopo, inayofutika kwa kidole chenye mafuta. Ndiyo inayomwambia mkaguzi mzigo ulitoka siku gani na mtambo gani. Desemba 2017 Ufaransa ilipogundua vijidudu vya salmonela kwenye maziwa ya watoto wachanga, urejeshaji ulianza kwa bechi fulani, ukapanuka, na mwisho ukagusa nchi 83. Hata hivyo makopo ya bechi zilizokatazwa yalikutwa yakiuzwa madukani baada ya amri kutolewa. Aliyekuwa na namba mkononi aliweza kujilinda. Ambaye lebo yake ilikuwa imechanika alibaki kubahatisha.

Ipige picha kabla hujaweka pakiti kwenye friji, maana unyevu huula wino.

Yameharibika au yamechakachuliwa?

Mkaguzi atataka kujua unalalamikia lipi, kwa sababu ni mafaili mawili tofauti. Maziwa yaliyokatika siku mbili kabla ya tarehe yake mara nyingi yana hadithi ya joto: yalichelewa kupozwa, gari liliharibika njiani, au dukani friji huzimwa usiku. Kosa laweza kuwa la muuzaji, si la kiwanda. Maziwa mepesi yanayoteleza kama maji, yenye rangi ya samawati kwa mbali, yana uwezekano wa kuwa yametiwa maji au kuenguliwa krimu. Harufu kali ya dawa ni jambo la tatu, na hilo usilionje mara ya pili.

Yapo pia yasiyoonekana wala kunusika. Mabaki ya antibiotiki alizochomwa ng'ombe ambaye maziwa yake hayakutengwa siku za kutosha. Sumu ya aflatoksini iliyotoka kwenye chakula cha mifugo chenye ukungu. Codex inaruhusu mikrogramu 0.5 tu ya aflatoksini M1, ile inayopatikana kwenye maziwa, kwa kilo moja. Ulimi hauwezi kufika huko. Kwa haya tunategemea maabara ya serikali ipime hata kama hakuna aliyelalamika, na kama haipimi, hilo lenyewe ni jambo la kumwandikia mwakilishi wako.

Wanga, ambao hutiwa ili maziwa au mtindi uonekane mzito, unaweza kuupima nyumbani. Chemsha kijiko cha maziwa au mtindi kwenye maji kidogo, uache upoe kabisa, kisha utie tone moja au mawili ya iodini ya vidonda. Ukigeuka bluu iliyoiva, kuna wanga. Halafu rudi kwenye lebo: baadhi ya mtindi huruhusiwa kuwa na wanga kama umetajwa kwenye viambato. Bluu bila wanga kwenye orodha ndiyo lalamiko. Ulichopima kimwage, usimpe hata paka.

Kuhusu laktomita, polepole

Wengi wamenunua laktomita na kila mmoja amekuwa hakimu. Nimeshuhudia mchuuzi akimwagiwa maziwa yake barabarani kwa sababu ya kipimo kilichosomwa vibaya, na maziwa yale yalikuwa safi. Tafadhali soma sehemu hii yote.

Laktomita inapima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji. Maziwa ya kawaida kwa nyuzi joto 20 husoma kati ya 26 na 32. Yakitiwa maji, kipimo huzama zaidi na namba hushuka. Lakini maziwa ya moto ni mepesi, kwa hiyo kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2, na kila nyuzi moja chini ya 20 unapunguza 0.2. Yule mchuuzi maziwa yake yalisoma 25. Waliokuwa wamemzunguka wakashangilia kwamba wamemkamata. Hakuna aliyetia kipimajoto ndani. Nilipofika na kupima yaliyobaki, yalikuwa na nyuzi 30. Zidisha nyuzi 10 kwa 0.2 upate 2, jumlisha na 25: ni 27. Hakuwa na kosa.

Yakoroge maziwa kwa upole ili krimu isibaki juu. Kama yametoka kukamuliwa sasa hivi, yaache nusu saa yatoe hewa. Mimina kwenye chombo kirefu ukikiinamisha, povu lisifanyike. Shusha laktomita taratibu, uiachie, na isiguse ukingo. Inamisha macho yako yawe usawa wa maziwa, usome pale yanapogusa kipimo kwa juu. Pima joto dakika hiyo hiyo.

Na hata ukifanya yote hayo, jua kwamba laktomita hudanganywa. Krimu ni nyepesi kuliko maziwa yenyewe, ukiiengua namba hupanda. Mjanja anaengua krimu akauze kando, namba inapanda, anatia maji, namba inarudi palepale pa kawaida. Maziwa yaliyoibiwa mara mbili yanasoma kama maziwa mema. Ndiyo maana maabara hupima mafuta kwa njia ya Gerber, ambapo asidi kali huyeyusha protini na mashine ya kuzungusha ikatenga mafuta mpaka yasomeke kwenye shingo ya kioo. Na hupima kiwango cha kuganda, yaani joto ambalo maziwa hugeuka barafu. Maziwa huganda karibu na nyuzi −0.530, kila maji yanapoongezwa, kiwango husogea kuelekea sifuri. Ukisoma −0.456, tofauti ni 0.074, ambayo ni kama asilimia 14 ya 0.530. Hayo ndiyo maji.

Kwa hiyo laktomita yako itumie kuamua kama utalalamika. Usiitumie kumhukumu mtu.

Kushika ushahidi

Kama uwezo upo, rudi ulikonunua siku hiyo hiyo, ununue pakiti nyingine ya bechi ile ile, na usiifungue. Pakiti moja iliyofunguliwa ni maelezo yako. Pakiti mbili, moja ikiwa imefungwa, ni kitu cha kuanzia.

Ile iliyofunguliwa ifunge vizuri, uitie ndani ya mfuko safi, uiweke kwenye friji. Ambayo haijafunguliwa iweke kwa joto lililoandikwa kwenye lebo. Usiigandishe, kwa sababu mtindi na maziwa yakiganda barafu hubadilika, na mwenye kiwanda atasema wewe ndiye uliyeyaharibu. Usiihamishie kwenye chupa ya maji au ya soda. Bandika karatasi yenye tarehe na saa ya kununua, na saa ya kufungua. Risiti ipige picha mapema, maana karatasi zile hufifia.

Jambo moja wengi hawataki kulisikia: usianze kwa kurusha picha mtandaoni. Najua hasira ilivyo. Lakini mzigo wenye shida ukitangazwa asubuhi, jioni hautakuwepo ghalani, na mkaguzi atakuta rafu zimefutwa vumbi. Tena ukitaja jina la kampuni kabla hujathibitisha, unaweza kujikuta wewe ndiye mshitakiwa. Ofisi kwanza.

Kuandika lalamiko

Liwe fupi. Ondoa maneno kama "sumu", "wezi", "wauaji". Andika ulichoona, kwa mfuatano wa saa. Mfano:

"Tarehe 3 mwezi huu, saa 4 asubuhi, nilinunua pakiti mbili za mtindi wa nusu lita, zote za bechi moja. Picha ya namba ya bechi na ya tarehe ya mwisho nimeambatanisha. Ya kwanza niliifungua saa 7 mchana siku hiyo hiyo. Niliona punje nyeupe zisizoyeyuka. Nilipotia iodini ikageuka bluu. Orodha ya viambato haitaji wanga. Pakiti ya pili haijafunguliwa, iko kwenye friji. Risiti ninayo. Hakuna aliyeugua."

Hayo yanatosha. Nikipokea barua kama hiyo nilikuwa natoka ofisini siku hiyo hiyo.

Ipeleke wapi? Kama mtu ameugua, anza na idara ya afya. Kama ni usafi au uchakachuaji, mamlaka ya usalama wa chakula au bodi ya maziwa, kwa jina lolote inaloitwa kwenu. Kama ni jina au maelezo ya lebo, ofisi ya viwango. Kama lita moja haifiki lita moja, ofisi ya vipimo. Ukikosea mlango si hoja, ila omba wakuandikie wamelipeleka wapi, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu.

Kinachofuata, na kwa nini kinachelewa

Pakiti yako huwa haipelekwi mahakamani kama ushahidi mkuu, hata ukiwa umeitunza vizuri kiasi gani. Imeshapita mikononi mwako. Kazi yake ni kumwonyesha mkaguzi njia. Yeye atakwenda bila kutoa taarifa, atachukua sampuli yake rasmi kutoka bechi ile ile, na kwa utaratibu wa nchi nyingi ataigawa mara tatu mbele ya mwenye mali: sehemu moja anaachiwa mwenye mali, moja inakwenda maabara, na moja inahifadhiwa kwa lakiri ili ije ipimwe pande mbili zikibishana.

Hiyo ya tatu ilinitoa machozi. Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Maziwa yalikuwa na maji asilimia 14, na karatasi ya maabara ilikuwa wazi. Wakili wa upande wa pili akaomba sehemu iliyohifadhiwa ipimwe upya. Chupa ikaletwa. Lakiri ilikuwa nzima, lakini chini yake kifuniko hakikukazwa sawasawa, nami ndiye niliyekifunga, jioni, nikiwa nimechoka. Maziwa yalikuwa yamekatika, hayapimiki. Shauri likafutwa, na mtu yule kesho yake akaendelea kuwauzia watu wale wale. Tangu siku hiyo kila chupa niliipindua juu chini kwenye kitambaa kikavu, nikahesabu mpaka sitini, kabla ya kuyeyusha nta.

Kwa hiyo mkaguzi akionekana kuchelewa kwa vitu vidogo, muelewe. Vipimo vya vijidudu vinahitaji siku za kuotesha. Kipimo cha fosfatasi, kinachoonyesha kama maziwa yalifikishwa kweli kwenye joto la kuua vijidudu, nyuzi 72 kwa sekunde 15 au 63 kwa dakika 30, ni cha haraka zaidi, lakini matokeo yake lazima yasainiwe. Baada ya hapo ofisi inaweza kutoa onyo, kuamuru lebo ibadilishwe, kuzuia mzigo, kuurudisha kutoka madukani, kufuta leseni au kushitaki. Lebo ikibadilishwa kwa ajili ya barua yako, hayo ni matokeo, hata kama hakuna aliyefungwa.

Zikipita wiki mbili kimya, andika tena kwa namba ile ile ya kumbukumbu, uulize maswali matatu tu: sampuli ilichukuliwa tarehe gani, ilipelekwa maabara gani, na majibu yanatarajiwa lini. Usirudie hadithi yote. Kimya kikiendelea, nakala iende kwa mkuu wa ofisi hiyo na kwa chama cha kutetea walaji kama kipo. Pakiti ya pili iache ilipo, na lakiri yake ya kiwandani, mpaka uandikiwe kwamba faili limefungwa.